Neno Nililoandika Mbele ya Jina la Fundi Abdala

Nyumbani, Tukuyu
Jioni ya kuamkia safari yako

Subilaga mwanangu,

Umekwenda Kisiba kumuaga bibi yako, na kwa mvua hii sidhani kama utarudi kabla ya magharibi. Mama yako yuko jikoni anakukaangia karanga za njiani. Nimepata saa mbili tatu za utulivu, nami nimekaa mezani na kalamu, kama nilivyokaa miaka mingi ofisini. Barua hii nitaiweka chini ya nguo zako ndani ya sanduku. Nakuomba uisome ukishafika Mpanda, usiisomee ndani ya basi.

Mambo ya kula, kulala, kuvaa na watu wa kuwaepuka mama yako ameshayamaliza. Nimemsikia akiyarudia tangu Jumapili, na mengine umeyajibu kabla hajafika mwisho. Sina la kuongeza hapo. Mimi nataka kukueleza jambo la kazi, kwa sababu kazi unayokwenda kuifanya niliwahi kuifanya mimi, na niliifanya vibaya.

Siku uliyotusomea barua yako ya ajira pale sebuleni, watu wote walifurahi. Baba yako mdogo Ambakisye alipiga makofi akasema umerithi kiti cha baba. Nilicheka pamoja nao. Lakini ulipofika kwenye maneno ya kupokea maombi ya vibali vya uwindaji na kuyapanga, nilitoka nje nikajifanya nakwenda kuangalia ng'ombe. Mama yako aliniona.

Nchi yetu ilipopata uhuru nilikuwa karani wa Bwana Nyama hapa Bomani. Ndivyo tulivyomwita ofisa wa wanyamapori, na wazee bado wanamwita hivyo. Wakati wa mkoloni Bwana Nyama alikuwa mzungu, na leseni za wanyama wakubwa zilikuwa zao: maofisa, wenye mashamba ya chai, na wageni wao waliokuja na mahema. Mtu wetu mwenye gobori aliruhusiwa kufukuza nguruwe shambani kwake, basi. Akimgusa nyati, kifungo.

Uhuru ulipokuja tukapata Bwana Nyama Mwafrika, kijana mpole kutoka huko Kanda ya Ziwa. Hakujua hata njia ya kwenda Isongole. Muda si mrefu ikaja barua kutoka makao makuu. Wilaya yetu ya Rungwe imepewa nyati wanane kwa msimu ule, kutoka ule msitu ulio juu ya Isongole, kwenye miteremko ya Mlima Rungwe. Sita wa wenyeji, wawili wa wageni. Wenyeji wapewe kwanza. Niliisoma barua ile mara tatu nikiona fahari, maana ilikuwa mara ya kwanza kuona serikali inaandika neno mwenyeji na kumweka mbele ya mtu mwingine.

Barua haikueleza mwenyeji ni nani. Nilimuuliza Bwana Nyama, naye akasema, "Wewe ndiye mtu wa hapa. Unawajua watu. Panga, mimi nitatia sahihi."

Nikapanga. Nafasi mbili za wageni hazikunisumbua: moja alipata mzungu wa shamba la chai, nyingine ofisa mmoja wa Mbeya aliyekuwa ameandika maombi mapema. Kwa wenyeji niliandika majina matano ambayo hayakuwa na ubishi. Ikabaki nafasi moja, na watu wawili wanaoitaka. Mmoja alikuwa Ambakisye, mdogo wangu. Wa pili alikuwa Fundi Abdala.

Fundi Abdala unamjua kama mzee wa barazani pale madukani, anayetengeneza baiskeli na majiko. Zamani zile alikuwa fundi wa bunduki, na hapakuwa na mwingine kabla hujafika Mbeya. Baba yake alitoka pande za Kilwa, akiwa mpagazi wa Wajerumani. Wajerumani waliondoka, yeye akabaki, akaoa, akafa, akazikwa hapa hapa. Abdala alizaliwa kando ya soko la Tukuyu. Nyumbani kwao hawakuwa na ng'ombe hata mmoja, lakini kila asubuhi alikuja kuchunga wa kwetu, kwa kupenda tu, na ndiye aliyenifundisha kutegea kwale. Kinyakyusa chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Mimi nilikwenda shule ya misheni nikarudi na maneno ya vitabuni. Yeye alikuwa na maneno ya wazee. Tulipokutana tulizungumza Kinyakyusa siku zote, hata mbele ya wateja wake wa pwani, ambao walikuwa wakimcheka kwa hilo.

Tena alijua kuwinda. Watu wa Isongole nguruwe walipowazidi walimwita yeye. Ambakisye alikuwa amewahi kupiga nguruwe wawili, na mmoja wao, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa amelala.

Ambakisye alinijia nyumbani, hakuja ofisini. Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa umekaa mapajani mwake unavuta ndevu zake wakati akisema maneno haya:

"Kaka, nimesikia Abdala naye ameandika."

"Ameandika."

"Sasa nyati wa mlima wetu umpe mtu wa pwani?"

"Amezaliwa hapa, Ambakisye. Umekua naye."

"Nimekua naye, sawa. Lakini yeye akichoka ana kwao pa kurudi. Mimi nina wapi? Wakoloni wametunyima miaka yote. Leo tumejitawala, kaka yangu ndiye ameshika kalamu, na bado nikose?"

Kesho yake nilifika ofisini mapema, nikafungua daftari. Kwenye safu ya wenyeji, nafasi ya sita, nikaandika jina la mdogo wangu. Jina la Fundi Abdala nikalipeleka safu ya pili, na mbele yake nikaandika: mgeni. Safu ya wageni ilikuwa imeshajaa. Kwa hiyo sikuwa nimemnyima mtu yeyote kitu chochote. Nafasi zilikuwa zimekwisha, ndiyo maelezo niliyojipa. Bwana Nyama alitia sahihi bila kusoma.

Nataka uelewe kwamba sikuona nimefanya uovu. Niliona ninatekeleza barua ya serikali, na barua ilikuwa ya haki: watu walionyimwa zamani wapewe kwanza. Bado naamini barua ile ilikuwa ya haki. Aliyekosea ni mimi.

Ambakisye aliazima bunduki kwa rafiki yake wa kanisani akapanda msituni. Akarudi siku ya pili mikono mitupu. "Nimemkosa," akasema, akaenda kulala. Hatukumuuliza zaidi.

Haikupita wiki, wanaume wawili wa Isongole wakaja ofisini wakikimbia. Nyati ameshuka kwenye mashamba ya viazi. Amemkuta mwanamke mmoja, mjane, wakimwita Mama Tumpe, anachimba viazi vyake, akamrusha na kumkanyaga. Mguu umevunjika na mbavu pia. Yuko hai, wamembeba kwa machela kuelekea hospitali ya misheni. Nyati bado amejificha kwenye vichaka vya bondeni, na hakuna anayethubutu kwenda shambani.

Bwana Nyama alikuwa safarini Usangu na askari wake wote. Ofisini nilikuwa mimi na mhuri.

Nikaenda barazani kwa Abdala. Alikuwa amekaa chini, ameshika tupa, ananoa kitu. Nilimweleza yote kwa Kinyakyusa, naye akanijibu kwa Kinyakyusa, akaniuliza nyati amekaa upande gani wa bonde, na kama anachechemea. Nilipomwambia watu wamesema anachechemea, akatikisa kichwa. Kisha akauliza:

"Kibali changu kimetoka?"

"Hakikutoka, Abdala. Nafasi za wenyeji zimejaa."

"Na mimi uliniandika wapi?"

Ningeweza kumdanganya. Daftari lilikuwa kabatini na ufunguo mfukoni mwangu. Sijui kwa nini sikumdanganya. Nikasema, "Kwa wageni."

Akaweka tupa chini. Alichukua muda mrefu kufuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Kisha akazungumza kwa Kiswahili, Kiswahili safi cha adabu, ambacho hakuwahi kunisemesha tangu tulipokuwa watoto.

"Sawa, Bwana Karani. Basi niandikie karatasi, kwamba mgeni ameombwa na Boma akawaulie wenyeji nyati wao. Nisije nikakamatwa."

Niliandika pale pale barazani, juu ya benchi lake. Neno mgeni sikuliandika. Niliandika, "Ndugu Abdala ameombwa na ofisi hii." Akaisoma, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa kanzu. Akaingia ndani kuvaa suruali na kuchukua bunduki.

Tulipanda lori lililokuwa linakwenda kuchukua viazi, mimi, yeye na Ambakisye. Nilimchukua Ambakisye kwa sababu alikuwa mwenye kibali, na nilidhani hilo lingetulinda kisheria. Njia nzima Ambakisye alikuwa anatazama miguu yake.

Tulipofika, Abdala alituambia tubaki juu ya ukingo pamoja na watu. Akashuka peke yake, polepole, akisimama kila hatua kumi. Kulikuwa na ukungu unaokuja na kuondoka. Tukampoteza machoni. Ambakisye alinishika mkono.

"Kaka," akasema kwa sauti ya chini, "sikumkosa."

"Unasema nini?"

"Sikumkosa. Nilimpiga pajani. Akaingia vichakani. Niliogopa kumfuata."

Kabla sijamjibu ilisikika risasi, kisha kelele za matawi kuvunjika, kisha risasi ya pili. Nilihesabu pumzi zangu. Nilifika kama thelathini hivi ndipo tukamsikia Abdala akiita, naye aliita kwa Kinyakyusa, akiwaita watu wa Isongole waje na visu.

Tulipomfikia alikuwa amesimama kando ya mnyama, suruali imechanika gotini. Nyati alikuwa dume mkubwa aliyekonda. Pajani alikuwa na jeraha lililooza, limejaa usaha na funza. Abdala aliinama, akalipasua kwa kisu, akatoa risasi, akaifuta kwenye nyasi. Akamwendea Ambakisye akaiweka kiganjani mwake.

"Hii ni yako," akamwambia. Basi.

Nyama aliwaachia watu wa pale. Hakuwahi kumfikia mnyama akiwa hai ili amchinje, kwa hiyo yeye na Waislamu wenzake wasingeweza kuila. Mmoja wa wale wanaume alimpa debe la viazi, akalipokea kwa mikono miwili, akamshukuru. Mimi hakunitazama.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hata mama yako halijui. Kurudi ofisini ilinibidi niandike taarifa. Kama ningeandika kwamba nyati ameuawa na Abdala, mtu asiye na kibali, kuna ambaye angeuliza kwa nini, na wangefungua daftari. Nikaandika kwamba nyati aliyejeruhi mtu ameuawa na mwenye kibali, na nikaandika jina la mdogo wangu. Nilijiambia ninamlinda Abdala. Kwa sababu ya taarifa ile, pembe zilikuwa halali ya Ambakisye kwa mujibu wa sheria. Ndizo zile ulizozoea kuning'inizia mkoba wako wa shule ulipokwenda kwake. Nilikusikia mara nyingi ukiwasimulia wenzako namna baba yako mdogo alivyoua nyati wa Isongole. Sikukusahihisha hata mara moja, na kila mara ingekuwa rahisi.

Usimchukie Ambakisye. Misimu miwili alipanda Isongole akalima mashamba ya Mama Tumpe, ambaye alipona lakini akabaki na mguu mfupi. Hakumwambia kwa nini. Yule mama alidhani ni kazi ya kanisa. Mdogo wangu alilipa kwa jembe lake kile alichoweza. Mimi sikulima hata tuta moja.

Na Abdala hakunigombeza wala hakunikatia salamu. Nilipopita barazani alisimama. Alinikaribisha kahawa. Aliuliza habari za nyumbani, na wewe ulipougua surua alileta asali. Ila kila neno alilonisemesha tangu siku ile lilikuwa Kiswahili. Alizungumza Kinyakyusa na mama yako, na wauza ndizi, na mimi nikiwa nimesimama pale pale nasikia. Akigeuka kwangu, anabadilisha. Mtu mwingine asingegundua.

Baadaye nilihamishiwa Chunya. Unaikumbuka Chunya: vumbi, na maji ya kisima yenye chumvi uliyokataa kunywa. Kilikuwa kipindi cha vijiji vya ujamaa, watu wanahamia sehemu mpya zilizopimwa, na baadhi ya vijiji hivyo viliwekwa katikati ya njia za tembo. Wanyama kule ni wengi. Rungwe hapakuwa na kitu tena. Ule msitu wa mlima ulikuwa umebaki na nguruwe na nyani, kwingine kote migomba na chai. Kwa hiyo wawindaji wa Rungwe wakawa wanaomba vibali vya Chunya, na watu wa Chunya hawakutaka.

Ukaitishwa mkutano wa kupanga vibali kati ya wilaya na wilaya. Nilitakiwa kuandaa waraka wa kuanzia mazungumzo. Wajumbe wa Rungwe walinifuata jana yake, wakanisalimu kwa lugha ya nyumbani, wakasema, "Wewe ni wetu, tunajua hutatuangusha." Sikuwaangusha. Niliandika kwamba wanyama ni mali ya taifa zima na si mali ya wilaya, na kwa hiyo vibali vigawanywe kwa kufuata wingi wa watu. Unajua Rungwe tulivyo wengi na Chunya walivyo wachache. Ulikuwa waraka mzuri. Ulitumia maneno yote ya wakati ule: usawa, undugu, taifa moja. Na niliyaamini, kama nilivyoamini neno mwenyeji nilipokuwa Tukuyu.

Nilipomaliza kuusoma, wajumbe wa Rungwe walipiga makofi. Akasimama mama mmoja wa Chunya, mkulima wa mtama na tumbaku, akiitwa Nyamizi. Alikuwa amembeba mtoto mgongoni na alizungumza akiwa anamtikisatikisa ili asilie.

"Nimesikia," akasema. "Wanyama ni wa taifa. Mimi tangu mtama ulipoanza kukomaa silali ndani. Nalala juu ya dungu, napiga debe kufukuza tembo. Mume wangu anapiga debe upande wa pili. Sijaona mtu wa Rungwe juu ya dungu langu. Tembo akivunja ghala langu huyo ni tembo wa Chunya. Akishakufa ndipo anakuwa wa taifa. Nieleze, Ndugu Karani, anabadilika saa ngapi?"

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anasubiri jibu.

Mwenyekiti, kwa nia njema, akataka kunisaidia. Akasema, "Ndugu Karani, wewe umetoka Rungwe na ulikuwa ofisi hiyo hiyo. Kule kwenu mlipokuwa na nyati, mligawaje?"

Nikasema, "Wenyeji kwanza."

"Na wageni?"

"Kilichobaki."

Nyamizi alikuwa bado amesimama. "Na mgeni mlimjuaje?" akauliza. Sidhani kama alikuwa ananitega. Nadhani alitaka kujua, maana kijiji chao kipya kilikuwa na watu waliohamishwa kutoka kila upande, na hata yeye alikuwa amefika pale msimu mmoja tu uliopita.

"Kwa jina," nikasema.

Wajumbe wa Rungwe waliinamisha vichwa. Mwenyekiti alijifanya anaandika. Nyamizi akasema, "Basi," akakaa, akamgeuza mtoto kifuani amnyonyeshe.

Nilikaa pale na waraka wangu mkononi nikiona jambo ambalo nilipaswa kuliona miaka mingi nyuma. Nyumbani, penye nyati, nilisema mwenyeji. Ugenini, pasipokuwa na kitu chetu, nilisema taifa. Maneno yote mawili yalikuwa mazuri, na mara zote mbili niliyachagua kwa kutazama nani atakula. Kuna watu wanafanya hivyo wakijua. Mimi nilifanya nikidhani nina msimamo.

Waraka wangu haukupita. Mkutano uliamua kwamba nusu ya vibali viende kwa vijiji vinavyolinda mashamba usiku, bila kujali mtu wa kijiji hicho alizaliwa wapi, na nusu ya pili iwekwe kwenye kofia, majina ya waombaji wa wilaya zote, yachaguliwe mbele ya watu. Niliishika ile kofia mimi mwenyewe. Ningependa kukuambia kwamba utaratibu huo ulimaliza ugomvi. Haukumaliza. Wenyeviti wawili wa vijiji waliwapa ndugu zao, na mtu mmoja wa Rungwe alibahatika kofiani misimu miwili mfululizo mpaka watu wakasema nimekunja karatasi yake kwa alama. Kisha serikali ikasimamisha uwindaji nchi nzima na ofisi yangu ikabaki na makabati. Sasa wamefungua tena, ndiyo maana wanahitaji makarani, ndiyo maana unakwenda.

Huko Mpanda utakuta barua kama ile niliyoikuta mimi. Itakuwa imeandikwa vizuri na itasema wenyeji hivi, wageni vile. Sitakuambia upande upi una haki. Nimekaa pande zote mbili na kila upande nilikuta watu wenye hoja. Mtu anayelala juu ya dungu ana hoja. Mtu wa wilaya isiyobaki na mnyama, ambaye naye ni raia kama wengine, ana hoja pia. Ninachojua ni kwamba barua haitakuambia nani ni nani. Hapo watakuachia wewe, kwa sababu wakubwa hawapendi kuandika jambo hilo kwa mkono wao. Na watakuja watu wazuri unaowapenda, watakaa nyumbani kwako, watamchukua mtoto wako mapajani.

Niliporudi Tukuyu kwa kustaafu nilikaa karibu mwaka mzima bila kwenda barazani kwa Abdala kwa maana ya kuzungumza. Nilipita, nikasalimu, nikaondoka. Siku moja nikaenda asubuhi kabla wateja hawajafika, nikamweleza yote: Ambakisye, daftari, ile taarifa, na hata Chunya. Alikuwa anaziba kipira cha baiskeli, na aliendelea kuziba.

"Taarifa niliijua," akasema. "Askari wenu alinisomea wiki ile ile. Tulicheka sana."

"Ulicheka?"

"Mlipaswa kunikamata, mkaamua sikuwepo. Si jambo la kuchekesha?"

Nikamwambia naomba radhi. Akakipuliza kile kipira, akakisikiliza sikioni kama bado kinavuja.

"Unajua kilichoniuma?" akasema. "Ungekuja hapa ukasema, Abdala, nafasi ni moja, na mdogo wangu anaitaka. Ningemwachia. Ambakisye nimembeba mgongoni akiwa mtoto. Tena ningekwenda naye msituni, asingemwacha mnyama na jeraha. Ningemwachia siku ile ile. Lakini hukuniuliza. Ulinitoa kwanza."

Alinisamehe, nadhani. Tunakunywa kahawa pamoja mara nyingi. Kiswahili tunazungumza hadi leo, na nimeacha kungoja kigeuke kuwa kitu kingine. Ni sehemu ya mambo yalivyo.

Juzi nilimwambia kwamba unakwenda Mpanda, na kazi gani unakwenda kufanya. Alifurahi kweli. Aliuliza unaondoka lini, kama umepata mahali pa kukaa. Alisema amefika huko zamani, kutengeneza bunduki za warina asali, na kwamba watu wake ni wakarimu. Alisema akipata nafasi angependa kwenda tena kabla miguu haijachoka. Kisha akanitazama kwa yale macho yake ya kufanya mzaha, ambayo huwezi kujua yanaishia wapi, akauliza:

"Nikienda kumsalimu mwanao, akanikuta nimesimama kwenye foleni ya ofisini kwake, ataniandika nani?"

Nilimwambia nitakuuliza. Nimeshakuuliza. Akifika, mjibu mwenyewe, na usimjibu kabla hujatoka nyuma ya meza.

Nasikia sauti yako njiani na mama yako ameshaanza kukupigia kelele kwa viatu vilivyolowa. Naikunja.

Baba yako